Wigi la jukwaani: kulisafisha, kulipa umbo na kulifanya lidumu

Kundi la maigizo linaponunua mawigi, yanatoka dukani yamenyooka na yanang'aa. Baada ya maonyesho mawili matatu yamekuwa kama katani iliyokanyagwa, na lawama zote anabebeshwa muuzaji: ametuuzia feki. Mara nyingi muuzaji wa watu hana kosa. Wigi limeoshwa kama nywele, limepakwa mafuta kama nywele, limepigwa pasi kama nywele, ilhali ni plastiki tupu. Ukilishughulikia kama plastiki, litakaa miaka. Karibu kila hatua iliyo humu chini inatokana na hilo.

Nimeandika nikiwafikiria wanaovalisha watu: vikundi vya jukwaani, walimu wa maigizo shuleni, watu wa filamu za bajeti ndogo, na vijana wanaojivika kama wahusika wa katuni za Kijapani kwenye matamasha kama NAICCON ya Nairobi. Wigi la kutokea kila siku lina mahitaji yake, ingawa mengi yanafanana.

Kwanza jua umeshika nini

Nywele za bandia unazokutana nazo sokoni ni za aina tatu kuu. Kuna za plastiki ya vinili, zinazotumika kwenye mawigi ya bei ya chini kabisa ya sherehe. Zinang'aa sana na haziwezi joto. Kuna modakriliki, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara Kanekalon, ya kampuni ya Kaneka ya Japani iliyoanza kuitengeneza mwaka 1957. Rasta nyingi zinazosukwa saluni ni za jamii hii. Na kuna poliesta iliyotengenezwa kustahimili joto, ambayo lebo yake husema wazi kwamba inaruhusu pasi na mara nyingi hutaja kikomo, kwa kawaida digrii 180 au chini ya hapo.

Lebo ikikosekana, au usipoiamini, jaribu mwenyewe. Chomoa nywele chache za kisogoni, safu ya chini kabisa ambako hakuna atakayeona. Washa pasi ya nywele kwenye joto la chini, kama digrii 120, uzibane kwa sekunde mbili. Zikibaki zimenyooka, unaweza kupandisha joto kidogo kidogo. Zikijikunja, zikinata au zikitoa harufu ya mfuko ulioungua, wigi hilo umbo lake litatokana na maji ya moto na draya tu. Usikae ukijiambia pasi "itapita haraka haraka".

Dukani, geuza wigi ndani nje kabla ya kulipa. Tazama mistari ya nywele ilivyoshonwa: ikiwa imeachana sana, mhusika akigeuka tu kofia iliyoshonewa nywele inaonekana. Angalia kama kuna mikanda ya lastiki yenye ndoano ya kurekebishia ukubwa. Na chagua lililo refu kuliko unavyohitaji, kwa sababu kukata ni kazi ya dakika kumi na kuongeza ni kazi ya siku nzima.

Namba za rangi zitakusaidia sana unapoagiza kwa simu. 1 ni nyeusi tii, 1B ni nyeusi ya kawaida, 4 ni kahawia, 27 ni ya asali, 33 ni kahawia inayoelekea wekundu, 99J ni ya zambarau iliyoiva, na 613 ni ile ya manjano iliyopauka. Kwa mhusika Mwafrika wa kawaida chukua 1B. Ile 1 chini ya taa za jukwaani huwa nyeusi kupita kiasi, na kwenye kamera inageuka doa lisilo na nywele hata moja.

Vifaa

Kubwa kuliko vyote ni kichwa cha sanamu, kile cheupe chepesi cha kuonyeshea mawigi madukani. Ukikikosa, jaza mpira wa zamani matambara, uufunge juu ya mti wa fagio na kuuvika mfuko wa plastiki usilowe. Kufanya kazi huku wigi umelipakata mapajani ni kujitafutia mafundo.

Vingine: chanuo lenye meno mapana, brashi ya meno ya waya yasiyo na vidonge nchani (vidonge ndivyo vinavyong'oa nywele), chupa ya kupulizia, pini zenye vichwa, rola za ukubwa tofauti, draya ya mkono, spirei ya kushikilia nywele, mkasi mkali usiotumika kukatia karatasi, wembe, poda ya mtoto, shampuu ya kawaida na kilainishi cha nguo kama Downy. Cha saluni hakina kazi hapa, na mafuta ya nywele yaweke mbali kabisa. Plastiki hainywi mafuta. Yatakaa juu, yatakusanya vumbi, na mwisho utakuwa na wigi linalonata.

Kufumua mafundo

Fundo kubwa siku zote liko kisogoni, mahali nywele zinaposuguana na kola, shanga au kitambaa cha mgongo. Changanya kifuniko kimoja cha kilainishi cha nguo na nusu lita ya maji kwenye chupa, upulizie hadi nywele ziwe na unyevu bila kudondosha.

Shika fungu dogo kwa mkono wa kushoto, juu ya fundo, ubane kwa nguvu. Mvuto wote uishie kwenye vidole vyako usifike kwenye mshono. Kwa mkono wa kulia chana ncha tu, sentimita tatu za mwisho. Zikipita, panda sentimita tatu nyingine. Anayeanzia juu anashusha mafundo yote yakutane sehemu moja, kisha anaita mkasi. Wigi refu lililochakaa linaweza kukuchukua saa nzima, kwa hiyo weka redio karibu.

Ncha zilizosokoteka na kukauka hazitalainika kwa kuchana peke yake. Zichovye kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, uzitoe, uzichane zikiwa zinapoa. Zilizoyeyuka na kushikana hazina dawa. Zipunguze kwa mkasi.

Kuosha

Usioshe kila baada ya onyesho. Osha mfululizo wa maonyesho unapokwisha, au spirei inapojaa hadi nywele zinaacha kuchezacheza.

1. Fumua mafundo kwanza, wigi likiwa kavu au na unyevu wa kilainishi tu. Fundo lililooshwa linakaza.
2. Weka maji ya baridi au vuguvugu kwenye beseni, na kijiko kimoja cha shampuu. Tumbukiza wigi, lisukume taratibu kwenda na kurudi. Usifikiche wala kusugua.
3. Sehemu ya ndani, kwenye ukingo wa paji la uso, ndiyo yenye jasho na vipodozi. Hapo tumia mswaki laini wa zamani.
4. Suuza hadi povu liishe, kisha loweka kama dakika kumi na tano kwenye maji safi yenye kifuniko kimoja cha kilainishi cha nguo. Suuza tena.
5. Usikamue. Lizungushie taulo, ubonyeze.
6. Lianike kivulini juu ya chupa au kopo refu, hewa ipite ndani. Usilichane likiwa limelowa, hasa kama lina mawimbi.

Spirei ngumu iliyogoma kutoka kwa shampuu hulainika kwa spiriti. Pakaza kwa pamba, subiri dakika chache, kisha osha.

Kuua mng'ao

Kitu kinachomtangaza mvaa wigi hata kwa mtu wa kiti cha nyuma ni mng'ao. Kuosha kwa kilainishi hupunguza kidogo. Kwa wigi la rangi nyepesi, nyunyiza poda ya mtoto, isugue kwa vidole hadi ndani, kisha litikise nje ya nyumba na kulipiga brashi mpaka poda isionekane. Kwa wigi jeusi poda iwe kidogo sana, na uichanganye na unga wa kakao wa kupikia ili isiache ukungu wa kijivu. Hakikisha wigi ni kavu kabisa, la sivyo utapata uji.

Kulipa umbo

Wasusi wetu wanajua siri hii tangu zamani: mteja akimaliza kusukwa rasta, ncha huchovywa kwenye maji ya moto na zinatulia jinsi zilivyosokotwa. Joto linalegeza nyuzi, umbo linawekwa, ubaridi unalifunga. Watu huhangaikia joto wakasahau ubaridi. Ukifungua rola wigi likiwa bado lina uvuguvugu, mawimbi yataanguka kabla pazia halijafunguliwa.

Kwa mawimbi, bana wigi kwenye kichwa cha sanamu kwa pini, walau moja mbele, mbili kwenye panja na mbili kisogoni. Lipulizie maji. Anza na safu ya chini kabisa, gawa mafungu yasiyozidi upana wa rola, funika ncha kwa kipande cha tishu ili zisikunjike ovyo, kisha zungusha hadi juu na ubane. Chagua rola ndogo kidogo kuliko wimbi unalolitaka, maana litalegea.

Chemsha maji, uyaache dakika chache yatulie, ndipo uyamwage polepole juu ya kila rola kwa kikombe, kichwa cha sanamu kikiwa ndani ya beseni. Kwa poliesta ya kustahimili joto unaweza kumwaga yakiwa yametoka tu kuchemka. Kwa vinili subiri zaidi, na ujaribu fungu moja la nyuma kwanza. Vaa glavu nene, watoto wakae mbali, na kamwe usifanye hivi wigi likiwa kichwani mwa mtu. Baada ya hapo liache usiku kucha. Asubuhi fungua rola na utenganishe mawimbi kwa vidole. Brashi itayageuza kuwa wingu.

Wigi lenye mawimbi usiyoyataka, lichane limenyooka, mwaga maji ya moto kutoka juu kwenda chini ukifuatisha chanuo, na uliache lipoe likining'inia.

Nywele zilizosimama kama miiba, za wahusika wa katuni, zinaanza kwa kuchana kinyume. Shika fungu wima, chana kutoka katikati kuelekea kwenye shina hadi chini kujae. Laini nje kwa mkono, pulizia spirei kwa umbali wa shibiri moja, kausha kwa draya, rudia. Tabaka nyembamba nne zina nguvu kuliko moja nzito, ambayo hulowesha nywele na kuziangusha kwa uzito wake. Ncha kabisa zipakwe gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kwa vidole. Miiba ikizidi urefu wa kiganja, ichomekee waya mwembamba au kipande cha sponji ndani yake kabla ya kuifunga.

Mvi za bibi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bibi kizee yupo katika nusu ya michezo yetu na karibu kila mara anamwagiwa poda kichwani. Akipiga chafya, uzee unapaa.

Waangalie wazee wenyewe. Kwa wengi mvi huanzia kwenye panja na ukingo wa mbele, zikaenda juu, na kisogo hubaki cheusi muda mrefu. Kwa hiyo usinunue wigi jeupe lote. Chukua wigi fupi la 1B, na mafungu mawili ya rasta: moja la kijivu, jingine jeupe. Kata vipande vya sentimita kama ishirini. Chukua nywele chache mno, kumi hivi, changanya za kijivu na nyeupe bila mpangilio, zikunje katikati. Pitisha sindano ya kroshia chini ya mstari wa mshono, nasa kitanzi, kivute, kisha ingiza ncha ndani ya kitanzi na ukaze. Weka mafundo haya yakisongamana kwenye panja na mbele, yaachane kadiri unavyopanda utosini, yatoweke kabisa nyuma ya masikio.

Zinapokuwa zimekaa zote zitaonekana zimenyooka mno kwa kichwa cha bibi wa Rufiji au Kisii. Zizungushe moja moja kwenye vijiti vya mishikaki, mwagia maji ya moto, ziache zipoe, kisha zifumue kwa vidole. Na kabla ya kufanya kazi yote hii muulize mwongozaji kama bibi atajifunga kanga kichwani. Akijifunga, tengeneza upana wa vidole vitatu mbele tu. Huo ndio utakaoonekana.

Kukata na kubadili rangi

Kata wigi likiwa limevaliwa na mhusika mwenyewe, si juu ya sanamu, kwa sababu paji la uso la kila mtu lina kimo chake. Shika mkasi wima, ncha juu, uchokoe kidogo kidogo. Mkato wa mlalo huacha ukingo ulionyooka kama wa rula. Ukingo uliokatwa ukionekana mzito, upitishie wembe kwa kuupangusa kuelekea chini.

Dawa ya kupaka nywele rangi haifanyi kazi kabisa, na rangi za unga za kutilia pamba hali kadhalika. Kinachoshika ni wino wa kalamu za maka zisizofutika. Vunja kalamu, loweka utambi wake ndani ya spiriti hadi rangi iive, chuja, tia kwenye chupa ya kupulizia. Pulizia fungu moja moja juu ya gazeti, chana, acha likauke, rudia hadi utosheke, kisha suuza kwa maji baridi mpaka yatoke safi. Fanyia nje penye hewa, mbali na jiko, sigara na draya, kwa kuwa spiriti inawaka haraka. Unaweza kwenda kwenye giza tu, huwezi kurudi kwenye weupe, ndiyo maana wanaotaka rangi za ajabu huanza na 613.

Kuvaa, na usafi wa kichwa

Chini ya wigi nywele zisukwe twende kilioni, bapa, au zibanwe kwa mzunguko ikiwa ni laini. Juu yake vaa kofia ya wavu au stokingi iliyokatwa. Shika wigi pande zote mbili, anzia mbele, vuta kuelekea kisogoni. Vile vipande viwili vidogo vya pembeni vikae mbele ya masikio kwa usawa. Kimoja kikipanda, uso mzima unaonekana umepinda. Pini zibanwe kwa kupishana, zikipita kwenye wigi, kofia na msuko wa chini kwa pamoja. Kwa mcheza ngoma, shona vibanio vidogo ndani ya wigi mapema.

Wigi la lesi mbele, yaani lenye wavu mwembamba kwenye ukingo wa paji, kata lesi ukiacha kama nusu sentimita. Gundi ijaribiwe nyuma ya sikio siku moja kabla, na wakati wa kuvua iyeyushwe. Ngozi ya paji haivutwi.

Mawigi ya shule hupita vichwa vingi, na mapunye husambaa kwa njia hiyo hiyo. Kila mwigizaji awe na kofia yake ya ndani, yenye jina. Baada ya onyesho, pangusa ndani ya wigi kwa spiriti ya asilimia 70 na uliache likauke kabisa. Mwenye mapunye asivae la kundi hadi apone.

Siku yenyewe, ukiwa mahali kama Bagamoyo au Mombasa, unyevu wa bahari utalegeza spirei, hivyo beba chupa ya ziada na upulizie dakika za mwisho. Mhusika mwenye wigi asiiname juu ya koroboi, mshumaa wala jiko la mkaa halisi. Poliesta inayeyuka kabla haijawaka, na matone yake yanashika ngozi. Hata mvuke wa sufuria au hewa ya oveni inayofunguliwa inatosha kusokota nywele za mbele.

Kuhifadhi

Wigi refu lisuke msuko mmoja mlegevu. Lenye mawimbi liwekewe wavu. Jaza ndani karatasi nyeupe, si gazeti, wino wake huhamia kwenye rangi nyepesi. Weka kwenye mfuko, mfuko ndani ya boksi, na nje bandika picha ya mhusika. Usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mawimbi uliyokesha nayo yatanyooka mchana mmoja.

Lililokufa kabisa usilitupe. Fumua mistari yake kwa wembe, ile iliyo salama kunja na utunze kwa rangi. Kipande cha wavu kilichokatwa kwa umbo la kidevu, na nywele zake zikiungwa humo kwa ile sindano ya kroshia, kinakuwa ndevu za mzee au za jambazi. Zipande kuanzia chini ya kidevu kwenda juu, ziache ndefu, uzibandike kwa mwigizaji, halafu ndipo uzipunguze kwa mkasi zikiwa usoni.